Kimya cha Mkamwana

Fuvu la Tumpale lilikuwa wazi upande wa kushoto, na mwenyewe alikuwa macho, anataja picha.

"Ndoo," alisema. "Mwavuli. Jongoo. Hiki cha kukunia nazi... mbuzi. Kitanda."

"Vizuri sana, mwalimu," alisema Sekela Kajuni. "Pumzika kidogo, tutaendelea."

Sekela alikuwa amejikunja chini ya shuka la kijani, uso kwa uso na mgonjwa, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Hiyo ndiyo kazi ya msomaji ramani: kupiga soga na mtu ambaye wenzako wanamchokonoa ubongo. Upande wa pili wa shuka alisimama mpasuaji, Dakta Mbonea Mshana, Mpare mwenye mikono mitulivu na mdomo usiotulia, na leo hata mdomo ulikuwa umetulia. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko ulivyoonekana kwenye picha.

Juu ya ubongo wa Tumpale ulitandazwa utando mwembamba kama ngozi ya ndani ya yai. Utando ule ulipeleka chembe ya umeme sehemu moja, kisha nyingine, huku mgonjwa akiongea. Umeme ukipita na maneno yakaendelea kutoka, kioo kilipaka sehemu hiyo kijani. Ulimi ukisimama, kilipaka nyekundu. Kijani kinakatwa. Nyekundu haiguswi, na hilo halikuachiwa busara ya mtu. Zamani wapasuaji walikata kwa kubahatisha wakarudisha nyumbani watu waliopona wakiwa mabubu, ndipo sheria ikaingizwa ndani ya kisu chenyewe. Siku hizi kisu kikifika kwenye wekundu kinazima mkononi. Wa kuufuta wekundu ni msomaji ramani peke yake, kwa kidole gumba chake na kwa sababu aitamke kwa sauti, irekodiwe.

"Sasa tunaingia picha za nyumbani," alisema Sekela.

Huo ulikuwa utaratibu mpya. Iligundulika kwamba sura ya mtu wako inaamsha ubongo kuliko mchoro wa ndoo, kwa hiyo ndugu walitakiwa walete picha zao. Ipyana, mume wa Tumpale, alileta nyingi. Alichagua zile nzuri, za harusi na ubatizo na sikukuu, na katika zile nzuri zote baba yake alikuwa amekaa katikati, mahali pa baba.

"Huyu nani?"

"Ipyana. Mume wangu. Siku hiyo alijinyoa akajikata kidevu, akasema nimemroga."

"Na huyu?"

"Lusekelo, binti yangu. Hapo anadai hana usingizi."

"Huyu?"

Kwenye kioo kidogo mbele ya macho ya Tumpale alitokea mzee aliyevaa koti jeusi, amekalia kiti cha mikono, fimbo katikati ya magoti. Tumpale akafumba macho. Hakusema kitu.

"Mwalimu? Huyu nani?"

Kimya. Kioo kikapaka nyekundu. Sekela akabadilisha picha, mzee yule tena, safari hii amezungukwa na wajukuu. Kimya. Akaleta ya harusi. Kimya. Wekundu ukatambaa ukaungana, doa likawa eneo.

"Kimezima," alisema Mshana kutoka juu. Alikitikisa kisu kama mtu anayetikisa tochi iliyoisha betri. "Sekela, unaona umeangukia wapi? Pale pale kwenye mzizi. Nikiuacha mzizi, sijafanya kitu. Mvua za mwakani hazimkuti."

Alisema kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie, lakini kwenye chumba kile kila mtu alisikia.

Sekela alimtazama Tumpale. Macho yalikuwa bado yamefumbwa, na mkono wake wa kushoto, ule ambao haukufungwa sindano, ulikuwa umeshika ukingo wa shuka unalivuta lifunike uso. Sekela alimwona mama yake mzazi. Hivyo hivyo ndivyo mama alivyokuwa akivuta khanga, babu mzaa baba anapokohoa nje ya ua.

Si kwamba Sekela hakuujua mwiko ule. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe kama Tumpale. Mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hamtazami usoni, na akikutana naye njiani anaacha njia. Wengi walishaacha mambo hayo, na Sekela alikuwa miongoni mwao: yeye alimwita baba mkwe wake Mzee Fredi na kumpa mkono. Lakini ziko nyumba zilizoshikilia, na nyumba ya mzee Mwaisumo, baba yake Ipyana, ilikuwa mojawapo. Alipopewa zile picha asubuhi, Sekela alizipanga bila kuwaza. Kosa hilo lilimuuma, kisha papo hapo likamfurahisha, maana alijua jambo ambalo mashine haikulijua. Miaka yote alikuwa akilalamika kwamba mashine ile imetengenezwa na watu wasiotufahamu, na leo alikuwa na ushahidi.

"Si ubongo!" alisema, na sauti ilimtoka kwa shangwe. "Dakta, ni baba mkwe wake. Hawezi kumtaja. Mashine imemwona amenyamaza ikadhani ulimi umekufa."

"Una uhakika?"

"Kwetu huko, dakta."

"Basi futa, tuendelee. Kichwa hiki hakiwezi kukaa wazi mpaka kesho."

"Haifutiki kwa maneno yangu tu. Lazima amtaje, umeme ukiwa umewashwa."

Akainama tena chini ya shuka.

"Mwalimu Tumpale, sikiliza. Yule kwenye picha nataka umtaje jina."

"Niambie nitaje kingine," alisema Tumpale.

"Huyo huyo."

"Daktari, wewe si wa kwetu? Unajua unaniambia nini?"

"Najua. Usipomtaja, tunaacha mzizi wa ugonjwa ndani. Unaelewa maana yake."

Tumpale alielewa. Chozi lilimtoka jicho moja likashuka mpaka sikioni, naye hakuwa na namna ya kulifuta. Hata hivyo alitikisa kidole: hapana.

Sekela akaamua kumpigia mzee mwenyewe. Alikuwa kwenye ukumbi wa kusubiri pamoja na Ipyana. Akamweleza kwa Kinyakyusa, haraka haraka, na sauti ya mzee ikasikika ndani ya chumba cha upasuaji, nzito, ya mtu asiyeviamini vipaza sauti.

"Mwambieni nimemruhusu," alisema mzee. "Alitaje hata mara mia. Mimi ni nani, mtu afe kwa ajili ya jina langu?"

Manesi walitazamana. Mshana alikohoa kuficha yaliyompata. Sekela aliona kazi imekwisha.

"Umesikia, mwalimu. Baba ameruhusu."

"Yeye ameruhusu," alisema Tumpale. "Mimi sijaweza. Ni kama mnanivua nguo hapa mbele ya watu, mnaniambia mwenye nguo karidhia."

Hapo ndipo Sekela angeweza kunyamaza akafikiri. Maneno yale hayakuwa ya mtu anayefuata sheria ya nyumba, yalikuwa ya mtu anayeeleza kitu kilichomo mwilini mwake. Lakini kisu kilikuwa kinasubiri, na Sekela alikuwa na haraka ya kuokoa.

"Lusekelo ana miaka mingapi?" aliuliza.

Tumpale alimtazama kwa chuki, mara ya kwanza asubuhi ile. Kisha akafumba macho, akajikaza.

"Anyosisye," alisema.

"Tena."

"Anyosisye." Alikuwa analia. "Anyosisye Mwaisumo."

Umeme ulikuwa unapita wakati wote. Wekundu ukaanza kupauka pembeni, ukabakia katikati, wa rangi ya waridi, unasitasita. Sekela alibonyeza kidole gumba kwenye kioo, akatamka kwa ajili ya rekodi: "Kimya hiki si cha lugha. Ni desturi. Hapa hakuna kitu."

Kijani kikajaa. Kisu kikaamka mkononi mwa Mshana, na Mshana akatoa uvimbe wote, na mzizi wake.

*

Siku Tumpale alipoondolewa bandeji, wodi nzima ilimshangilia. Alisoma gazeti kwa sauti. Alihesabu kwenda mbele na kurudi nyuma, alitunga sentensi, alimkosoa nesi matamshi. Hakuna neno lililopotea. Mshana alipita akijipigia mluzi.

Mzee Mwaisumo alikuja adhuhuri. Hakuingia. Alisimama mlangoni akageuzia wodi mgongo, kama inavyotakiwa, ili mkamwana wake apate nafasi ya kujifunika.

"Anyosisye!" aliita Tumpale. "Mbona unatazama ukuta? Ingia. Kaa hapa kitandani, nafasi ipo."

Mzee hakugeuka. Fimbo yake iligonga sakafu mara moja, kama iliyomponyoka kidogo. Ipyana alicheka kicheko cha kuziba aibu, kisha hakujua akimalizeje.

"Ni dawa," alisema mzee, bado anatazama ukuta. "Wamempa dawa kali. Zitaisha."

"Ndiyo, baba," alisema Sekela. "Ni dawa."

Walipoondoka, alivuta kiti akaketi karibu na mgonjwa.

"Mwalimu, unakumbuka mwiko wa baba mkwe?"

"Kwa nini nisikumbuke? Niliwafundisha hata wanafunzi darasani. Hatajwi, hatazamwi, unampisha njia." Aliyasema kama anayesoma kutoka ubaoni.

"Na sasa hivi ulipomtaja, umejisikiaje?"

Tumpale alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, hakutaka kujibu ovyo.

"Kama nilivyotaja ile ndoo," alisema.

Sekela alirudi ofisini, akaifungua ramani ya asubuhi ile ya upasuaji, akaikuza mpaka ikawa vidoadoa. Lile doa la waridi, ambalo lilisita kabla ya kufutwa, lilikuwa pale. Mashine haikuwa imekosea. Ilikuta kitu kikubwa, kina mizizi, kimejengwa siku baada ya siku tangu msichana wa miaka ishirini alipoingia kwenye ua wa watu, ila haikuwa na jina la kukipa, ikakiita ulimi. Aliyejua jina lake alikuwa Sekela. Na yeye, kwa kuwa alilijua jina, akasema hapa hakuna kitu. Aliuinamia ule mchoro akalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

*

Ubaya ni kwamba alisifiwa. Rekodi ya kile kidole gumba ilizunguka nchi nzima. Watu wa wizara walisema hatimaye mashine imefunzwa mila zetu, wakatunga kanuni: mgonjwa akinyamaza mbele ya picha ya mkwe, wekundu ufutwe, mradi msomaji mkuu, ambaye sasa alikuwa Sekela, aseme neno moja la kukubali, hata kwa simu. Wagonjwa waliokuwa wanafungwa kichwa na uvimbe wao ndani sasa walikuwa wanapona. Kanuni ikaitwa kwa jina la Sekela. Alikusudia kuandika kuipinga, na kila alipokaa kuandika aliwaona wale waliopona, wanatembea, wanabeba watoto wao, akaacha.

Ipyana alipompigia akisema, "Dada, njoo uone mwenyewe, mimi nimeshindwa," alikwenda. Gari lilimshusha njia panda na kugeuka lenyewe kurudi mjini. Alishuka kwa miguu kati ya migomba, ukungu umeanza kupanda kutoka bondeni, mpaka kwenye ua wa akina Mwaisumo.

Tumpale alikuwa anachambua maharage barazani. Alikuwa amenenepa, nywele zimeota zikafunika kovu. Alimkumbatia Sekela.

"Mgeni wangu! Njoo uone watu walivyoninunia. Mama mkwe haniongeleshi. Mawifi wanasema nimekuwa mkavu wa macho. Lusekelo anatoka nje nikianza kuongea na wageni, eti namwaibisha."

"Inakuumiza?"

"Inanishangaza tu." Alipepeta maharage, akapuliza makapi. "Daktari, mbona unanitazama hivyo, kama umekuja msibani? Mimi sijapoteza kitu. Nikitafuta ndani ya kichwa changu, kila kitu kipo."

"Kilikuwepo kitu, Tumpale. Mimi ndiye niliyekifuta."

"Basi kimekwenda na ugonjwa. Ulitaka nife nacho, nizikwe na heshima zangu?"

Sekela hakutaka afe, hata sasa.

Ipyana alimchukua pembeni, wakazunguka nyuma ya nyumba. Huko, mwisho wa shamba, kilijengwa kibanda kipya cha mabanzi, kidogo, kisicho na dirisha upande wa nyumba kubwa. Mbele yake alikaa mzee Mwaisumo akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndaga, asante. Umefika kutuona."

"Unalala hapa, baba? Na baridi hii?"

"Mtu mmoja lazima apishe njia," alisema mzee. "Kama yeye hawezi, nitapisha mimi."

Alisema bila lawama, na Sekela alitamani kungekuwa na lawama. Alipiga magoti kwenye udongo, akamweleza yote: ule wekundu, lile doa lililosita, kidole gumba. Mzee alisikiliza mpaka mwisho huku akipitisha kiganja kwenye mpini kutafuta miiba.

"Niliruhusu alitaje jina langu," alisema. "Sikuruhusu lisiwe na uzito. Lakini hamkuniuliza hilo, na yeye hamkumuuliza."

Simu ya Sekela ikalia. Alikuwa Mshana, na nyuma yake zilisikika zile mashine.

"Samahani kwa kukukatizia mapumziko. Nina mama hapa mezani, wa Kyela, kichwa wazi. Amenyamaza kwenye picha ya mkwewe, kisu kimezima. Ni ile kanuni yako. Sema tu neno, nifute."

"Muulizeni kwanza," alisema Sekela.

"Nimuulize nini?"

Sekela alitafuta swali. Mwenye kitu kile hawezi kufikiria kuishi bila kuwa nacho, na aliyekikosa haoni alichokosa. Angemuuliza kwa maneno gani, mtu anayetokwa na damu, achague nini na nini?

"Sekela? Uvimbe ni mkubwa. Ana watoto wadogo. Nimuulize nini?"

Nyuma ya migomba zilisikika kandambili zinakuja. Mzee aliinuka haraka kuliko umri wake, mpini ukaanguka, akavuta koti jeusi likafunika kichwa na uso, akaingia kati ya migomba akijikunyata, anapapasa njia kwa mkono, akachuchumaa nyuma ya shina kama mwari.

Tumpale alitokea na kikombe mkononi, mzima, amechangamka, anaangaza huku na huku.

"Anyosisye!" aliita. "Anyosisye, chai yako inapoa!"

Majani ya mgomba yalitikisika kidogo, yakatulia.

"Futa," alisema Sekela kwenye simu.